Sehemu ya 11: "Huyu anakula mara mbili"

Wapendwa, leo nakiri kosa.

Mwaka 2020 wodi yetu hapa Uingereza ilijaa wagonjwa wa Korona, na manesi tulikuwa tunapungua kila siku kwa kuugua. Akazidi kuonekana kazini mama mmoja wa miaka 57, nesi mstaafu. Pensheni anapokea, mshahara wa zamu anapokea. Kwenye chumba cha chai maneno yakaanza: "Huyu anakula mara mbili." Na mimi nilikuwemo.

Usiku mmoja, wagonjwa wametulia, akanieleza mwenyewe bila hasira. Manesi wa zamani, walioingia NHS kabla ya Machi 1995, waliruhusiwa kustaafu na miaka 55 bila pensheni kupunguzwa. Ila ukirudi kazini kabla ya kufika 60, pensheni na mshahara mpya vikijumlishwa visizidi kipato chako cha kabla ya kustaafu. Kinachozidi kinakatwa kwenye pensheni. Halafu mwezi wa kwanza baada ya kustaafu, usizidishe saa 16 kwa wiki.

"Ndiyo maana nilikuwa nafanya usiku mmoja tu," akasema. "Nahesabu saa kama tunavyohesabu vidonge."

Machi 2020 Bunge likapitisha sheria ya Korona, masharti yale yakasimamishwa. Ndipo akaongeza zamu. Ile ya saa 16 ilifutwa kabisa Aprili 2023.

Jamani, pensheni si zawadi. Mama yule alichangia kutoka kwenye mshahara wake miaka na miaka. Pensheni ni ya kazi ya jana, mshahara ni wa kazi ya leo. Alikula mara mbili kwa sababu alilima mara mbili.

Najua mtaniambia: huku nyumbani vijana wana vyeti vya uuguzi na wako mtaani. Kweli kabisa. Nafasi ikiwepo na kijana yupo, apewe kijana. Mimi nasema pale ambapo nafasi ipo na mtu hakuna, halafu mwenye uzoefu anakaa nyumbani akiogopa kukatwa.

Juzi mama yangu, nesi aliyestaafu Tanzania kwa umri wa lazima wa miaka 60, ameombwa arudi kwa mkataba. Akanipigia: "Mwanangu, nisaini?" Nikamwambia, mama, subiri. Waulize kwanza mfuko wa pensheni, na jibu liwe la maandishi, si la mdomo. Akacheka: "Siku hizi wewe ndiye mkubwa."

Yule mama wa wodini ameshaondoka kazini. Usiku ule nilimshukuru kwa kunieleza, lakini sikumwambia kwamba na mimi nilimsema. Nilipaswa kumwambia.

Wastaafu mliorudi kazini, hebu tuambieni: mkataba wenu ulisema nini kuhusu pensheni? Nasoma maoni yote nikitoka zamu.