Kongwa, Mji wa Tuta Lisilo na Reli

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, ukifika Mbande unakata kulia, na baada ya mwendo mfupi uko Kongwa. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1970, basi lilitushusha sokoni tukiwa wekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kandambili. Mji wenyewe ulikuwa maduka machache, mnada wa ng'ombe, vilima upande mmoja na nyika yenye mibuyu upande wa pili. Kifuku ni kimoja tu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, nacho hakiaminiki. Ndiyo maana Wagogo wameshikilia uwele, mtama na mifugo.

Ajabu ni kwamba mji mdogo hivyo ulikuwa na masalia makubwa. Tuta la reli lilikata nyika bila hata chuma kimoja juu yake. Sisi tulilipitisha mbuzi. Vichakani zilikuwepo sakafu za zege zisizo na kuta, na kina mama walizipenda kwa kuanikia nafaka.

Wazee walisema hayo ni ya enzi za karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mradi wa kulima karanga Tanganyika, ikilenga mamilioni ya ekari, na Kongwa ikawa ya kwanza kabla ya Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa vya kung'oa visiki. Tawi la reli likatandikwa kutoka Msagali. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Sababu mojawapo niliielewa kwa bibi kabla sijaisoma popote. Alikuwa na kishamba cha karanga nyuma ya tembe lake. Majani yakianza tu kugeuka manjano, alituamsha alfajiri tukang'oe, udongo ungali na unyevu. Shina lilitoka na karanga zake zote zikining'inia, zikinuka ardhi mbichi. Lakini kwenye kona iliyoachwa ipigwe na jua kwa wiki kadhaa, tulivuta tukabaki na majani mkononi. Udongo ule una mfinyanzi mwingi, ukikauka unashika kama saruji. Karanga zilikuwa zimefungiwa chini, na jembe likigonga lilirudi juu kwa mlio.

"Mjukuu wangu," bibi alisema akicheka, "hapo ndipo Mzungu aliposhindwa."

Majengo ya mradi hayakukaa bure. Shule ya watoto wa Kizungu iliendelea hadi 1958. Kisha, katika miaka ya 1960, Tanzania ikiwa huru, Kongwa ikapokea wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA walikuwa na kambi zao hapo. Chris Hani wa ANC ni mmoja wa waliopita. Darasani kwetu walikuwepo wenzetu ambao baba zao walitoka kusini ya mbali na mama zao ni Wagogo. Walisalimia "mbukwenyi" kama sisi, wakala mlenda kama sisi. Ila mwalimu akiita mahudhurio alisita kidogo akifika kwenye majina ya baba zao.

Leo nikisema natoka Kongwa, aliyesoma kidogo hunitania kwa karanga. Humjibu kwamba walioijia Kongwa na ratiba waliiachia zege, na waliokuja kuungojea uhuru wao waliiachia watoto, mashemeji na makaburi. Karanga nazo hazikuondoka. Bado zinalimwa kule, vipande vidogo vidogo, na watu wanaojua siku ya kuzing'oa.