Watoto wa Iweto

Ukisafiri kutoka Wote, Makueni, hadi Kitui, utapita maboma yenye miembe na mbaazi, na siri za jamaa zisizotajwa ovyo.

Mwaka 1985, watazamaji wa EastEnders, mchezo wa runinga wa Uingereza, walihangaika kumjua baba wa mtoto wa msichana Michelle. Ukambani, katika nyumba ya iweto, swali hilo haliulizwi. Mama asiyejaliwa mtoto humwoa mwanamke mwenzake kwa mahari ya mbuzi na ng'ombe. Watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Majirani huenda wakamjua baba, ila hunyamaza.

Zogo huzuka ajuza akifariki. Mashemeji hudai shamba, na watoto hujikuta mahakamani wakithibitisha ukoo wao. Heri wosia uandikwe mapema.