Kiatu Kimoja Vancouver

Kizazi chetu kilikuwa na haraka. Tulitaka bendera, tulitaka wimbo wa taifa, tulitaka mwenzetu awashinde wakubwa mbele ya macho yao, na vyote tulivitaka leo hii. Wazee wa rika langu wanaofuatilia michezo, ukiwatajia Emmanuel Ifeajuna, huguna kwanza.

Mwaka 1954, kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola huko Vancouver, Kanada, kijana huyu wa Onitsha, Nigeria, mwenye miaka 19, aliruka juu futi 6 na inchi 8, yaani mita 2.03, mguu mmoja una kiatu, wa pili mtupu. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu katika michezo hiyo. Wa pili alikuwa Patrick Etolu wa Uganda, na wa tatu Mnigeria mwingine, Nafiu Osagie. Jukwaa zima likawa letu, ilhali Nigeria na Uganda zote bado zilitawaliwa na Waingereza. Magazeti ya wakubwa yalijaa mbio za maili za wakimbiaji Bannister na Landy. Yaacheni na maili yao.

Kwao Nigeria picha ya Ifeajuna ikachapishwa kwenye majalada ya madaftari ya shule. Hebu fikirini: mtoto anafanya hesabu, na juu ya daftari yuko mtu mweusi anayepaa. Sifa zile hazikuwa na mshahara. Mruka juu wa siku hizo hakupewa mkataba wala hakutangaza soda, na njia ya kupanda maishani ilikuwa elimu. Ifeajuna akaingia chuo kikuu Ibadan, na mashindano makubwa hakuyarudia. Akafundisha shule, kisha akajiunga na jeshi. Etolu yeye aliendelea kuruka, akawamo kwenye msafara wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, Melbourne 1956.

Hapa ndipo ninapotulaumu sisi wenyewe. Tuliamini kwamba aliyeshinda jambo moja anaweza yote, na vijana wenyewe wakaamini hivyo hivyo. Mwalimu tukamfanya waziri, askari akajifanya mkombozi. Usiku wa kuamkia Januari 15, 1966, Meja Ifeajuna alikuwa miongoni mwa vinara wa mapinduzi ya kijeshi ya Nigeria. Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa alikamatwa nyumbani kwake Lagos, na siku chache baadaye maiti yake ikakutwa kando ya barabara. Ifeajuna akakimbilia Ghana, akarudi, na Septemba 1967 serikali ya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ikamuua kwa risasi kwa kosa la kula njama dhidi ya serikali hiyo. Umri wake, miaka 32.

Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa na nia njema. Huenda. Kila aliyeshika bunduki katika bara hili miaka ile alikuwa na nia njema, ukimsikiliza mwenyewe. Balewa hakuulizwa.

Wajukuu wakitaka kujua kama uwanja wa michezo ungefaa kupewa jina lake, jibu langu ni hapana. Lakini kwenye orodha ya mabingwa weusi wa Afrika katika michezo ile aandikwe wa kwanza, kama alivyokuwa, na chini yake pasiachwe wazi: yaandikwe na ya Januari 1966.