Mbwa Walionyang'anywa Ayala

Nimeona mara mbili mbwa wa kuwinda akiachishwa kazi kwa sheria. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto huko Kitui, mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Babu alikuwa na mbwa wa kienyeji, wembamba, rangi ya udongo mwekundu, waliojua kumtoa paa kichakani bila kubweka ovyo. Hakuwafukuza. Aliendelea kuwapa makombo na kuwaita kwa majina yao. Alichoacha ni kuchagua: hakujali tena jike gani apandwe na dume gani, wala hakukaa kutazama watoto wao wanavyokimbia. Nilipomaliza darasa la saba, bomani palikuwa na mbwa tele, na hata mmoja hakuweza kufuata harufu mpaka ng'ambo ya korongo.

Mara ya pili ilikuwa Uskoti, mwaka 2002, na wakati huo kamba ya mbwa nilikuwa nimeishika mimi.

Nilifika Aberdeen mwaka 1994 kusomea misitu. Likizo ilipofika nikapata kibarua katika milki moja ya uwindaji kwenye bonde la mto Spey: kuongoza farasi wafupi wanaoteremsha ayala waliopigwa risasi mlimani. Msimamizi wa wanyama, ambaye kwetu angeitwa bwana nyama, alikuwa mzee mrefu wa maneno machache. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, naye akaitika. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mawe, na humo aliweka diahaundi, mbwa wa ayala wa Uskoti.

Diahaundi ana umbo la greihaundi, yule mbwa mwembamba wa mashindano ya mbio, ila mifupa yake ni mikubwa na mwili mzima umefunikwa manyoya ya kijivu, makavu kama waya. Ana ndevu na nyusi. Dume hufika sentimita 76 begani na kilo 45 au zaidi. Nyumbani ni mpole kiasi kwamba mgeni humdhania mvivu. Mzee alinifundisha kumsoma kwa mikono. Kwanza kiganja juu ya kiuno: kiwe kimeinuka kidogo, kwa maana hapo ndipo zinapotoka nguvu za kupanda, na kanuni za umbo la mbwa huyu zinasema mpaka leo kwamba mgongo ulionyooka haufai kwa mlima. Kisha nyayo, vidole viwe vimebanana, kucha fupi na ngumu. Mwisho unasugua manyoya ya mgongoni kinyume. Manyoya laini hunywa maji, theluji ikayashika mapajani na kugeuka mabonge ya barafu yanayomfanya mbwa achechemee. Mwenye manyoya makavu hujikung'uta mara moja, akaendelea na safari.

Kazi iliyomuumba ilikuwa kumkimbiza ayala mwekundu dume, mnyama wa kilo 100 na zaidi, kupitia mawe, tope na vijito, hadi achoke na kugeuka kupigana. Mzee alipenda sana habari za Archibald McNeill wa kisiwa cha Colonsay, ambaye pamoja na nduguye Duncan waliwarudisha mbwa hawa katika karne ya 19 walipokuwa wamekaribia kutoweka. Masimulizi yake ya kuwinda katika kisiwa cha Jura yamo kwenye kitabu cha William Scrope kuhusu kunyatia ayala, kilichotoka mwaka 1838. Mbwa wake aliyesifika kuliko wote aliitwa Buskar, na McNeill aliandika vipimo vyake: inchi 28 begani, ratili 85. Yaani sentimita 71 na kilo 38 na nusu. Mzee alikuwa akiwasomea vipimo hivyo wageni waliokuja kutazama madume yake, halafu akanyamaza awaache wahesabu wenyewe. Mbwa aliyemshika ayala kwelikweli alikuwa mdogo kuliko yule anayehitajika leo katika maonyesho.

Naafiki kabisa alichokuwa akikionyesha. Ukubwa una faida mbwa anapomfikia ayala, lakini kwanza amfikie. Akili ya kushika ilikuwa na uzito uleule. Mbwa aliyemvamia dume kwa mbele alikufa juu ya pembe. Aliyeishi kuacha watoto ni yule aliyekuja ubavuni akakamata shingo au mguu wa nyuma. Ayala wenyewe ndio waliokuwa wakichuja ukoo, wala hapakuhitajika jaji.

Halafu bunduki zikawa sahihi zaidi, darubini zikaja, na milki zikagawanywa vipande. Mbwa aliyefunguliwa angeweza kuwafukuza ayala wote hadi kwa jirani, na kodi kubwa ilikuwa imelipwa kwa ajili ya ayala hao hao. Diahaundi akabaki wa kufuata majeruhi, baadaye hata kazi hiyo akapokonywa na koli wa wachungaji, mbwa mdogo, msikivu, asiye na gharama. Chama cha wafugaji wa diahaundi kilianzishwa mwaka 1886. Kazi ya kumwinda ayala mzima ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa, na siku hizi sheria ya Uskoti inaruhusu ayala auawe kwa risasi tu.

Kwa hiyo mimi sikumkuta mbwa wa ayala akikimbiza ayala. Nilichokikuta ni sungura wa milimani. Majira ya baridi wenye diahaundi walikutana vilimani, watu wakatembea kwa mstari mrefu, na mtu mmoja mbele ameshika mbwa wawili kwa kamba inayofunguka kwa mkupuo. Sungura huyo hugeuka mweupe wakati wa baridi, na akishtuliwa hukimbilia juu, daima juu. Hapo ndipo nilipoelewa mafunzo ya kiuno. Namkumbuka jike mmoja wa Mzee, Morven, mdogo kwa jinsi yake. Alifunguliwa pamoja na dume zuri lililokuwa limeshinda zawadi mahali pengi. Hatua za kwanza, kwenye uwanda, dume likatangulia kwa mapana ya mwili. Ardhi ilipoanza kuinuka Morven alikunja mgongo, miguu ya nyuma ikapita mbele ya masikio, akalipita dume bila kubadilisha mwendo. Sungura aligeuka, jike likageuka naye. Akageuka tena, akaingia kwenye ufa wa mwamba. Dume lilifika baadaye, linahema, likasimama kutafuta kilichotokea. Aliyeshika alama hakuwa na la kufikiri.

Sungura hakuwa ayala, na Mzee hakudai kuwa ni kitu kimoja. Lakini kilima kilikuwa kilekile, na jike lililofanya vile ndilo alilolizalisha.

Machotara ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye uhai zaidi. Watu wa nasaba safi huwataja kwa kukunja pua, wakati historia ya diahaundi imejaa uchanganyaji. Maida, mbwa kipenzi wa mwandishi Walter Scott, ambaye sanamu yake ya marumaru iko chini ya mnara wa Scott mjini Edinburgh, alikuwa na damu ya mbwa wakubwa wa milima ya Pyrenees. Scott alimpata kwa chifu wa Glengarry, aliyechanganya bila woga. Huko Australia, walowezi wa karne ya 19 walimchanganya diahaundi na greihaundi wakapata mbwa wa kangaruu. Kwenye nyanda za kati za Marekani mchanganyiko kama huo bado unakimbiza koyoti. Hata Ngong tulikuwa nao, wale wa damu safi: mwandishi Karen Blixen alikuja Kenya mwaka 1914 na diahaundi aliyeitwa Dusk, zawadi ya harusi, na kitabu chake cha 1937 kinawataja mbwa hao mara nyingi pamoja na Lulu, mtoto wa pongo aliyewatawala nyumbani. Shamba lile liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ndiyo maana manyoya yale yaliweza kuvumilika.

Jirani yetu mmoja kule Spey, mchungaji, alikuwa na jike aliyeitwa Tess, baba diahaundi, mama greihaundi. Begani alimfikia Morven, uzito pungufu. Usiku mchungaji alitoka naye na taa kuwinda sungura wa mashimoni, na alfajiri ya majira ya kuzaa kondoo walikwenda kuwangoja mbweha. Nilitoka nao kila nilipopata nafasi. Tess alikuwa na kitu ambacho greihaundi mtupu hana: alikimbia juu ya mawe usiku bila kujikata, na akirudi mikono mitupu alikuwa tayari kwenda tena. Alikuwa pia na kitu ambacho diahaundi wengi hawana: aliondoka kwa kasi kutoka kusimama. Diahaundi huchukua hatua kadhaa kukunjua mwili, na kwa ayala anayekimbia maili nzima haidhuru kitu. Kwa sungura aliye mita 40 kutoka shimoni, hatua hizo ndizo mawindo yenyewe.

Mchungaji alijaribu kwenda mbele. Alimpandisha Tess kwa dume lenye damu ya koli, na watoto wakawa na akili ya kusikiliza na mwendo wa kawaida. Walipendwa na kila mtu bondeni, ila mlimani hawakumfikia mama yao. Ninaamini kizazi cha kwanza, nusu kwa nusu, ndicho bora kwa mbwa huyu, na ili ukipate lazima mahali fulani pawepo diahaundi safi anayejua kazi. Wenye machotara hulisahau jambo hilo kirahisi.

Sheria ya Uskoti ya 2002 ilianza kutumika tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kumfukuza mnyama pori kwa mbwa ili mbwa amkamate kukawa kosa, isipokuwa sungura wa mashimoni na panya. England na Wales wakafuata mwaka 2005. Sidai kwamba sheria ile haikuwa na sababu. Nimewaona watu wanaosafiri usiku na mbwa wengi, wanaovunja ua wa wakulima na kuacha sungura wakioza shambani, na wakulima walikuwa na haki ya kulindwa. Lakini siku ile Mzee alizitundika zile kamba za kufunguka kwenye msumari wa banda na sikumwona akizishusha tena. Mwaka 2021 sungura wa milimani akapewa ulinzi kamili. Sheria mpya ya 2023 ikawafunika hata sungura wa mashimoni, na ikaweka kikomo cha mbwa wawili pasipo leseni.

Kilichofuata nilikuwa nimekwisha kukiona Kitui. Diahaundi wa Uskoti hawakupungua uzuri. Wanalishwa vizuri, na wafugaji wazuri hupima mioyo yao, kwa kuwa ugonjwa wa moyo na saratani ya mifupa huwaondoa wengi kabla hawajatimiza miaka 10. Ila ninapopitisha mkono siku hizi kwenye maonyesho nakuta manyoya laini, marefu, yaliyochanwa, na viuno vipana vilivyolala. Wanakimbizwa nyuma ya mfuko wa plastiki unaovutwa kwa uzi na mashine, na wanafurahi, nami hufurahi kuwatazama. Mfuko hauendi kilimani. Huvutwa kwenye uwanja wa nyasi, na anayeshinda hapo ni mbwa wa uwanja.

Mlango mmoja haujafungwa. Uskoti inakadiriwa kuwa na ayala wa aina zote hadi milioni moja, wanaokula miche ya misitu ninayolipwa mshahara kuipanda. Mwaka 2023 serikali iliondoa msimu wa kutowinda madume, ili wapunguzwe zaidi. Risasi zikiongezeka, majeruhi huongezeka, na sheria inaruhusu mbwa, wasiozidi wawili, watumike kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ili asiteseke. Kazi hiyo sasa wameishika labrado na mbwa wa damu kutoka Bavaria, na wanaifanya vizuri hadi pale majeruhi anapoinuka na kuukwea mlima kwa miguu mitatu. Hapo anatakiwa mbwa wa kumfikia upesi na kumzuia mahali pamoja hadi mwenye bunduki afike. Karibu karne mbili zilizopita Scrope alieleza kwamba watu walichanganya greihaundi na mbwa wa mbweha ili wapate mwendo na pua katika mnyama mmoja, na kwa kazi kama hiyohiyo.

Mzee amefariki. Banda liko mikononi mwangu, na kitukuu cha Morven, jike mwenye sentimita 72, analala humo. Tangu alipotimiza miezi 18, kwani kabla ya hapo mifupa ya mbwa hawa haistahimili kazi, nimekuwa nikimfundisha kufuata damu iliyolala usiku kucha, akiwa kwenye kamba ndefu. Pua anayo, ingawa huinua kichwa kutazama mbele haraka kuliko ninavyopenda. Nimezungumza na mwenye dume la Bavaria kule Perthshire. Akikubali, watoto watazaliwa kabla ya majira ya kuchipua, na nitakaowabakiza nitawachagua mlimani.