Kutoka Sachangwan Hadi Njoro: Chuo Kikuu na Majirani Zake

Wasomaji wengi waliopita katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret wamelisikia jina la Sachangwan, na wengi wao wamelisikia kwa habari za msiba. Tarehe 31 Januari 2009 gari la kubeba petroli lilipinduka mahali hapo. Watu wakaja na madebe na ndoo kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka ghafula, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha yao. Tena, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana huko Migaa katika barabara hiyo hiyo, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo Serikali ilitenga magari yapandayo na yateremkayo kwa kujenga ukuta kati ya Salgaa na Sachangwan.

Lakini mtu aijuaye Sachangwan kwa ajali tu hajaijua bado. Akishuka garini na kuipa barabara mgongo, ataona nchi nzuri sana. Hewa ni ya baridi, ukungu huja asubuhi, na udongo ni mweusi na laini. Humo hustawi viazi, mahindi, njegere, karoti na nyasi za ng'ombe wa maziwa. Kondoo wa Molo wanajulikana Kenya nzima kwa nyama yao. Wazee bado wanakumbuka mashamba meupe ya pareto, wakati Kenya ilipoongoza dunia nzima katika zao hilo, kabla biashara yake haijaanguka na wakulima wengi kuachwa bila malipo.

Basi yatupasa kujiuliza: katika nchi yenye rutuba namna hii, kwa nini mtu mzima ahatarishe roho yake kwa ajili ya debe moja la petroli? Wako waliosema ya kuwa ni tamaa. Mimi sikubali kwamba neno hilo ndilo jibu lote. Mtu ambaye shamba lake linamlipa vyema hana haja ya kungojea bahati ya barabarani. Lakini mtu aliyepanda viazi misimu mitatu, msimu wa kwanza vikaoza, wa pili vikanyauka, na wa tatu vikanunuliwa kwa bei ya dalali, huyo huitazama barabara kwa macho mengine. Kwake barabara ndiyo shamba lililobaki.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kutoka Sachangwan hata Njoro, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 40. Na huko Njoro kipo Chuo Kikuu cha Egerton, chuo kilichozaliwa kwa ajili ya kilimo na kisichokuwa na kazi nyingine kwa miaka mingi. Imekuwaje elimu nyingi namna ile ikae karibu na shida nyingi namna hii, na viwili hivyo visikutane?

Msafiri ashikaye njia ya Molo, akapita Turi na Elburgon, huteremka polepole mpaka Njoro huku reli ya zamani ikimfuata. Elburgon ni mji wa mbao. Serikali ilipokataza ukataji wa miti mwaka 2018, mashine nyingi hapo zilinyamaza na vijana wengi wakakosa kazi. Mbele ya Elburgon nchi hufunguka, na mashamba ya ngano huanza kuonekana. Njoro ni mji mdogo, lakini katika elimu ya mimea jina lake ni kubwa. Hapo ndipo Lord Delamere alipojaribu ngano mwanzoni mwa karne ya 20, ikaliwa na kutu. Kutoka mwaka 1927 kumekuwako kituo cha kuzalisha mbegu za ngano, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti la KALRO. Kutu mpya iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda karibu na mwaka 1999 na kuutia ulimwengu hofu, wataalamu wa nchi nyingi walizipeleka mbegu zao Njoro zikapimwe kama zaweza kuistahimili. Angalia jambo hilo, msomaji: ngano ya dunia husafiri mpaka Njoro ikapimwe, na kiazi cha Sachangwan, kilicho jirani, hakina safari hiyo.

Kilomita chache kutoka mjini ndiko kiliko chuo. Kiliwekwa na Mwingereza tajiri, Maurice Egerton, Lord wa Tatton, aliyekuwa pia mmoja wa Waingereza wa kwanza kabisa kuendesha ndege. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 ili pajengwe shule ya kilimo. Haifai kuficha ya kuwa shule hiyo haikuwekwa kwa ajili ya babu zetu. Iliwekwa ili vijana wa Kizungu wafundishwe kuendesha mashamba makubwa. Mwafrika aliyekuwa Njoro wakati huo alikuwa kibarua wa shamba, naye aliiona shule hiyo kutoka upande wa nje wa ua. Bwana huyo alijijengea pia ngome ya mawe huko Ngata, akakaa humo bila mke mpaka alipofariki mwaka 1958. Leo ngome hiyo ni mali ya chuo, na wageni hulipa kiingilio ili waione.

Mwaka 1950 shule ilianza kutoa diploma, na mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Uhuru ulipokaribia, milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Baada ya hapo ndipo ilipokuja enzi ambayo kwangu mimi ni njema kuliko zote katika maisha ya chuo hiki, ingawa katika enzi hiyo hakikuitwa chuo kikuu. Kilifundisha mabwana shamba. Kijana aliingia Egerton, akajifunza udongo, mifugo, mbegu na mashine, akatoka na diploma yake, kisha Serikali ikamtuma kijijini kwa pikipiki. Huyo ndiye aliyekuwa daraja. Mkulima wa Molo, au wa Kisii, au wa Meru, ambaye hakulikanyaga lango la Egerton hata siku moja, aliipata elimu ya Egerton nyumbani kwake, mbele ya jembe lake.

Mwaka 1987, kwa sheria ya Bunge, Egerton ikawa chuo kikuu kamili. Tangu hapo imekua sana, ikaongeza sheria, udaktari, ualimu na biashara. Imekuwa hata mama wa vyuo vingine, kwa maana vyuo vikuu vya Laikipia, Kisii na Chuka, vilivyopata hati zao mwaka 2013, vyote vilianza chini ya mbawa zake. Heshima hiyo ni ya haki, nami sitaki kuipunguza. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya kukua kwa chuo, daraja lilikuwa likibomoka. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza sana uajiri wa mabwana shamba. Wazee walistaafu, na nafasi zao hazikujazwa. Mwaka 2013 kazi ya kilimo ikahamia katika kaunti, nazo nyingi hazikuwa na fedha za kuwarudisha. Hivyo chuo kikaendelea kuzalisha elimu, na elimu ikakosa mtu wa kuibeba.

Tazama sasa hali ilivyo nje ya lango. Kipo kijiji kiitwacho Njokerio, ambacho zamani kilikuwa mashamba tu. Leo kimejaa nyumba za kupangisha, vibanda vya chapati, maduka ya kutoa nakala za karatasi, na bodaboda zinazongojea wanafunzi. Watu wengi wa huko wamesomesha watoto wao kwa kodi za vyumba, na hilo ni jambo jema. Lakini udhaifu wake ulionekana Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Vyumba vikabaki vitupu, na mama mboga hakuwa na wa kumuuzia. Kadhalika kila mgomo wa wahadhiri ukija, kijiji hushikwa na homa. Jirani ambaye faida yake pekee kwa chuo kikuu ni kodi ya chumba, hajafaidika kwa chuo kikuu. Amefaidika kwa wapangaji, na wapangaji hao wangeweza kuwa wa kiwanda au wa kambi ya askari.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo hiki ni mgeni wetu tangu mwaka 1939. Je, mwenyeji amepona?

Nisieleweke vibaya. Wako wataalamu wa Egerton waliofanya kazi ya kusifiwa. Maharagwe ya Chelalang, Tasha na Ciankui yametoka mikononi mwao, na mkulima aliyeyapanda anajua faida yake. Mto Njoro, utokao katika msitu wa Mau na kuingia Ziwa Nakuru, umechunguzwa na wanazuoni wa chuo hiki kwa miaka mingi. Shida ni kwamba habari nyingi za mto huo zimeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo mtu anayenywesha ng'ombe wake mtoni hatayaona kamwe. Mwanachuoni hupandishwa cheo kwa makala aliyoichapisha ng'ambo. Hapandishwi cheo kwa shamba la jirani lililopona. Mtu hufanya kazi ile anayopimwa nayo. Basi kosa si la mwalimu peke yake, bali ni la kipimo.

Nasema, chuo kikuu cha kilimo na kipimwe kwa mashamba yaliyo karibu nacho. Na nitoe mfano wa kiazi, kwa kuwa ndicho chakula na fedha za nchi hii ya Molo. Wakulima wengi huuza viazi vikubwa, na vile vidogo vilivyobaki huvirudisha ardhini kuwa mbegu. Mara nyingi kiazi hubaki kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Hivyo mkulima huupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na mnyauko ukishaingia katika udongo haufukuzwi kwa dawa. Mbegu safi hutolewa na shirika la ADC papo hapo Molo, lakini haiwatoshi wote, na bei yake huwashinda wengi. Hata hivyo iko njia isiyohitaji fedha: viazi vikiwa bado vibichi na vyenye maua, pita shambani, uitie vijiti mimea iliyo na afya tele, uivune peke yake, na hiyo ndiyo iwe mbegu yako. Kisha usirudishe viazi wala nyanya mahali palipoonekana mnyauko. Panda mahindi, ngano au nyasi kwa misimu kadhaa. Elimu hiyo si siri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifundisha kwa mchana mmoja.

Kwa nini basi asiifundishe? Chuo kina maelfu ya wanafunzi. Kila mwanafunzi wa kilimo na apewe wakulima kumi wa kuwatembelea, kuanzia Njokerio mpaka Sachangwan, na maksi zake zitegemee mavuno yao pamoja na mtihani wake. Maandishi ya utafiti na yawe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe sokoni na usomwe katika redio. Gharama yake ni ndogo, na hata chuo chenye madeni chaweza kuibeba.

Lakini nasi wakulima tuna deni letu. Tumezoea kwenda chuoni kuomba kazi ya kufyeka nyasi, au kuomba nafasi ya mtoto, na ni wachache wetu waendao kuuliza juu ya udongo. Mtu mmoja akibisha hodi huenda asisikiwe. Chama cha wakulima 30 kikibisha hodi na barua, hakuna mlinzi atakayekifukuza. Tena tusipokuwa na chama, hata elimu ikija haitatufaa. Kanuni za mwaka 2019 zinakataza gunia la viazi lizidi kilo 50, lakini dalali bado huja na gunia lililoshonewa kilemba juu, naye mkulima mmoja mmoja hulijaza kwa sababu jirani yake atalijaza akikataa yeye. Profesa hawezi kutukatalia gunia hilo. Ni sisi wenyewe.

Watu waliokufa Sachangwan mwaka 2009 hawakuwa wageni wa nchi hii. Wengi walikuwa watu wa mashamba na vijiji vya karibu, waliozaliwa juu ya udongo ambao mataifa mengine wangeutamani. Ukuta wa barabarani ulijengwa ili magari yasigongane, na ulifaa. Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko ukuta: kulifanya shamba lililo juu ya barabara liwe na thamani kuliko chochote kiwezacho kumwagika chini yake. Egerton ina elimu ya kuifanya kazi hiyo, na Sachangwan ina ardhi. Kati yao kuna safari fupi tu, na si haki kungojea mpaka msiba mwingine ndio utukumbushe kuifunga.