Kitunga chetu, mgongo wetu



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu aliinama mtoni ili ajitwike bidoni yake, akashindwa kusimama tena. Tulimshika wawili huku, wawili kule, mpaka nyumbani kwake. Njiani mmoja wetu alinong'ona: "Uvivu umemwingia." Tukacheka. Leo kicheko kile kinatutia haya, maana kati yetu ni nani asiyeamka asubuhi akijishika kiuno?

Kwa hiyo siku ya soko tulifanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Tulimwomba mnunuzi wa mpunga atuachie mizani yake, tukapima mizigo yetu. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji inapita kilo 20. Kitunga kimoja cha mihogo mibichi, na kuni juu yake, kilifika kilo 41. Mwenye kitunga alipopanda mwenyewe kwenye mizani, alikuwa na kilo 53. Tulinyamaza.

Wazee wetu walitusimulia habari za mapagazi waliopita hapa Kabambare wakati wa misafara ya pembe za ndovu, kati ya Kasongo na Ujiji. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida kilo 30 hivi. Watu wale tunawahurumia mpaka leo. Lakini mama anayerudi shambani jioni anabeba kuwapita, na mara nyingi ana mtoto kifuani.

Mwaka 1986 watafiti waliandika juu ya wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, sawa na sisi. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba sehemu moja kwa tano ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi. Kwa mama wa kilo 50, hiyo ni kilo 10. Ukizidisha hapo, mwili unalipa. Waliandika pia kwamba mkanda huo mara nyingi huacha bonde kwenye mfupa wa kichwa. Baadhi yetu tukijipapasa tunalikuta.

Mgongo unalipa namna gani? Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vipande laini, kama mito midogo, vinavyopokea uzito. Tunapoinua mzigo tukiwa tumeinama na magoti yamenyooka, au tunapojipinda huku tumeushika, mito hiyo inabanwa upande mmoja na misuli ya kiuno inavutwa sana. Mkanda wa paji nao unavuta shingo nyuma, na shingo inapambana nao njia nzima.

Hatuwezi kuambiana tuache kubeba. Watoto watakula nini? Lakini mambo haya tunayaweza. Tupige magoti au tuchuchumae, mzigo uwe karibu na tumbo, kisha tusimame kwa nguvu ya miguu. Asijitwike mtu peke yake kama mwenzake yupo. Bidoni mbili za lita 10 ni afadhali kuliko moja ya 20, hata kama ni safari mbili. Vitu vizito vikae chini ya kitunga, karibu na mgongo. Tupumzike njiani bila kuogopa maneno. Mjamzito na mama aliyejifungua karibuni wapunguziwe mzigo, si kwa huruma, bali ni haki yao.

Sisi tulio walimu kati yenu tuna la kuungama. Tulimpima msichana wa darasa la nne: kilo 25. Wataalamu wengi wanashauri mkoba wa mtoto usizidi sana sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, yaani kilo mbili na nusu hivi. Yeye alikuja shuleni na madaftari yake, na bidoni ya lita 10 tuliyomwagiza sisi wenyewe. Wavulana tulikuwa tumewaagiza fagio. Kuanzia sasa maji yataletwa na wote, kwa vyombo vidogo.

Na nyumbani je? Zamani baba alitangulia na panga mkononi ili alinde njia. Ni kweli, hatari bado zipo. Lakini siku ambazo njia ni salama, mkono mmoja unaweza kushika panga na bega likabeba kuni. Mwenye baiskeli aipakie mihogo. Tuwaambie waume zetu kwa upole, tukianza na hesabu ya mizani. Mume wa yule mama wa mtoni aliposikia kilo 41, alikwenda kukiinua kitunga mwenyewe. Kesho yake alikwenda kuteka maji.

Mwisho, yapo maumivu ambayo si ya uchovu. Miguu ikifa ganzi, mkojo ukishindwa kuzuilika, au mgongo ukiuma usiku pamoja na homa na kukonda, usingojee kuchanjwa wala vidonge vya sokoni. Nenda kituo cha afya upesi, maana kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa ya mgongo.

Siku ya soko ijayo tutakuwa tena karibu na mizani. Kila mmoja aje na kitunga chake, kikiwa kimejaa kama kawaida. Na yule tuliyemcheka, tumeshamwomba msamaha.