Mgongo wa Bi Harusi



Sisi tunaoandika hapa ni wawili, mtu na wifi yake. Kabla hatujawa mawifi tulikuwa mashoga wa jimu, na kisa hiki kilitokea wakati posa imeshapokelewa na nikaha bado miezi mitano. Tumekubaliana kukieleza kwa "sisi", kwa sababu aliyeumia ni mmoja, lakini aliyesema "ongeza kidogo, unaweza" ni mwengine.

Tulikuwa tukipanda ghorofani mara tatu kwa wiki baada ya Alasiri, saa za wanawake, mapazia yameshushwa. Mama zetu walijua tunakwenda kufanya mazoezi. Chuma hatukukitaja. Tulijua tutaambiwa si kazi ya mtoto wa kike, ingawa tangu 2011 shirikisho la kimataifa la kunyanyua vitu vizito limewaruhusu wanawake kushindana wakiwa wamejifunika, baada ya Kulsoom Abdullah wa Marekani kulidai hilo, na Sara Ahmed wa Misri alichukua medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Rio 2016 hijabu ikiwa kichwani. Tulikuwa na picha yake kwenye simu. Mama tulimwonyesha picha za nguo za harusi.

Siku yenyewe ilikuwa kilo 85 kutoka sakafuni. Usiku wake hatukulala, tulikuwa kwenye harusi ya watu. Chuma kilipofika magotini mgongo ulijikunja kama upinde, na kiunoni pakasikika kitu kama uzi mnene uliokatika. Bi harusi wetu akakiweka chini, akacheka, akasema hajambo. Kushuka ngazi alishindwa. Usiku maumivu yakashuka kutoka kiunoni, takoni, ubavuni mwa mguu mpaka kidole gumba, yakipiga kama umeme.

Nyumbani tulisema ameteleza chooni. Uongo mdogo, tulidhani. Akaitwa bibi mchuaji, akamchua kwa mafuta ya nazi ya moto na kumkandamiza kwa goti, na asubuhi mguu haukanyagiki. Hatumlaumu bibi yule. Alichua mgongo wa mtu aliyeteleza, maana ndivyo alivyoambiwa. Daktari wa kwanza naye aliambiwa hivyo hivyo, akatoa dawa za maumivu na kusema apumzike. Wiki ya tatu kandambili ikaanza kumtoka mguuni. Kidole gumba hakikuwa kikinyanyuka vizuri.

Hapo tukaogopa, na kwa daktari wa pili tukasema ukweli wote, kilo kwa kilo. Kipimo cha MRI kilionyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni imetokeza nyuma na kuubana mshipa wa fahamu. Alitueleza kwamba diski nyingi za namna hii hunywea zenyewe kwa wiki au miezi, kwamba udhaifu wa kidole ni mdogo na atauangalia kwa karibu, na kwamba upasuaji upo lakini si wa kukimbilia. Kisha akatukazia jambo moja, nasi tunawakazia: mtu mwenye maumivu ya mgongo akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mkojo ukamzuia au ukamtoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mambo haya sisi wanawake huyaonea haya kuyasema. Yasemeni.

Kilichomliza zaidi ya maumivu ni sijda. Hakuweza kuinama. Alikataa kiti, akaona kusali kwenye kiti ni kwa vikongwe, akawa anajilazimisha na kuinuka machozi yanamtoka. Ustadha wetu alimkumbusha hadithi ya Imran bin Husayn iliyomo katika Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Akamfundisha kuashiria rukuu kwa kichwa, na sijda iwe chini kidogo ya rukuu. Akasali kwenye kiti miezi miwili. Wa kwanza kumzoea alikuwa yeye mwenyewe, wa mwisho shangazi zake.

Mwengine wetu, kwa dhamira kumsuta, alikesha na simu akisoma. Ndiko alikomkuta Brian Carroll, Mmarekani wa mchezo wa kubeba uzito mkubwa, aliyevunjika pingili na mfupa wa chini ya kiuno. Mwaka 2013 alikwenda kwa Stuart McGill, profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, bingwa wa mambo ya mgongo, na mwaka 2017 wakaandika pamoja kitabu. Oktoba 2020 Carroll alichuchumaa na chuma cha pauni 1,306, karibu kilo 592, akainuka nacho. Kilo 592 hatuna haja nazo. Kilichotushika ni kwamba kabla ya yote aliacha chuma, akaanza na vizoezi vitatu ambavyo hata nyanya angevidharau: kulala chali na kuinua kichwa na mabega kidogo tu, kujiegemeza ubavu kwa kiwiko, na kupiga magoti na mikono chini, ukinyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Unashikilia sekunde zisizozidi kumi, unapumzika, unarudia. Mtaalamu wetu wa viungo alivijua, akatuanzishia.

McGill anasema kwanza uondoe kinachochokoa kidonda. Tukaanza kuhesabu, na jamani, nyumba zetu! Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, umekunjika kama kamba. Ufagio wa chelewa usio na mpini. Kuosha miguu ya udhu kwenye bomba la chini, tena alfajiri, wakati diski zimejaa maji baada ya usingizi na hazipendi kukunjwa. Tukafunga mpini kwenye ufagio. Udhu akawa anakaa kwenye kiti na kuuleta mguu juu ya kigoda. Baada ya wiki sita maumivu yalitoka mguuni yakapanda kiunoni, na mtaalamu alifurahi kuliko sisi. Alisema yakipanda hivyo ni dalili njema.

Ikabaki nikaha. Mwengine wetu alikuwa akila sahani moja na kaka yake kila siku, akijua siri ya mchumba wake. Tulimuuliza ustadha kama ni lazima kusema. Akatuuliza tu: lau kaka ndiye mwenye mgongo huo, mngependa afiche? Tukaenda wote wawili. Mama mkwe alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akauliza la wazi: atazaa? Tukampa jibu la daktari, kwamba jeraha hili halizuii kizazi. Kaka aliuliza kama mgongo unamuuma sasa hivi, hapo alipokaa, akaenda kuleta mto.

Harusi ilisogezwa miezi miwili. Mtaani walisema mwari ana jini, wengine wakataja jina lake na kabila lake. Singo alipigwa kitandani badala ya mkekani, kungwi akinung'unika. Ukumbini tuliweka kiti cha mgongo mgumu, viatu bapa chini ya gauni, na kila nusu saa mwengine wetu alimwinua kwa kisingizio cha kumtengeneza shela.

Huu ni mwaka wa pili. Kidole kimerudi, sijda imerudi. Chuma alianza na kile kitupu cha wanawake, kilo 15, miezi mitatu bila kuongeza kitu, na sasa yuko 50. Mama zetu wote wanajua. Mbuzi tu ndiye hajamrudia. Nazi anakuna bwana, na mama mkwe anajifanya haoni.